Bolti ya shafti ya steringi iko taiti, sawa, lakini imeshika nini?

Dada mmoja wa Mtwapa ameniandikia, swali lake nalifupisha hapa ndio na wengine waelewe. Anataka kununua Toyota Fielder ya 2013 kwa mtu aliyeitumia hapa hapa Mombasa miaka minne. Gari bodi safi, injini haina neno, ila usukani umekaa kidogo upande wa kushoto hata gari ikienda moja kwa moja, na akikata kona polepole, kama vile kuingia pakingi, kuna "tok" anaisikia mpaka kwenye nyayo. Muuzaji amekubali kwamba giaboksi ilishushwa mwaka jana. Dada akaenda na fundi, fundi akaingiza mkono chini ya dashibodi akashika bolti, akasema "iko taiti hii, hiyo sauti ni bushi tu", yaani raba za kushikilia vyuma zimechoka. Sasa anauliza: nimuamini? Na kama hapana, niangalie nini mwenyewe kabla sijatoa pesa?

Marahaba dadangu. Nakujibu moja kwa moja halafu ndio nikueleze sababu. Usitoe pesa bado, na hiyo gari usiiendeshe tena hadi shafti ya steringi ifunguliwe ikaangaliwe, hata hapo kwenda Shanzu na kurudi usiende. Sisemi gari ni mbovu, pengine ni bushi kweli kama alivyosema fundi. Lakini hayo matatu uliyonitajia, usukani kukaa pembeni, sauti kwenye kona, na giaboksi kushushwa, yakikaa pamoja yananipa wasiwasi mkubwa, na kushika bolti kwa mkono ukaona iko taiti hakuondoi huo wasiwasi hata chembe. Kwa nini nasema hivyo, soma polepole.

Ukizungusha usukani, nguvu yako inashuka kwenye kolamu, ule mti mnene ulio nyuma ya usukani. Kolamu haiendi moja kwa moja hadi kwenye raki, ule mtambo unaosukuma tairi za mbele kushoto na kulia, manake raki iko chini mbele na imekaa pembeni kidogo, kwa hivyo katikati pana shafti fupi yenye yunivasal jointi mbili, moja juu na moja chini, ndizo zinazoiwezesha kupinda huku inazunguka. Ile jointi ya chini ina mdomo, yaani tundu la duara lenye meno ndani, nao mdomo huo umepasuliwa ubavuni. Kutoka kwenye raki kunachomoza kichwa cha pinioni, ule mti mfupi unaoizungusha raki, nacho kina meno kwa nje. Mdomo unateremshwa juu ya pinioni, meno yanaingiana, halafu bolti moja inapita kwa ubavu kuubana ule mpasuko. Bolti moja tu dada. Familia nzima ikiwa ndani ya gari, kinachounganisha mikono yako na tairi za mbele ni hayo meno na hiyo bolti, hakuna ya pili ya kusaidia.

Sasa hapa ndipo penye siri ambayo mafundi wengi wanaijua na wengi vilevile hawaijui. Kile kichwa cha pinioni kimechongwa mfuo, kama kijito kidogo kinachokata meno kwa upana. Bolti ikiingia inavyotakiwa inapita ndani ya huo mfuo, kwa hivyo bolti ina kazi mbili. Ya kwanza ni kubana. Ya pili, na kwangu ndiyo kubwa zaidi, ni kuwa komeo: hata bolti ikilegea nusu, mdomo hauwezi kuchomoka kwenye pinioni manake bolti imekaa njiani, imepita kwenye mfuo kama kitasa cha mlango. Sasa fundi akiwa na haraka, au giaboksi inarudishwa juu usiku na tochi ya simu, mdomo unaweza kuingia kidogo tu, meno yakashikana sentimita moja hivi, halafu bolti ikapita JUU ya kichwa cha pinioni, mahali patupu. Na ataikaza, itakazika vizuri kabisa! Mpasuko unabana, spana inagoma, mkono ukishika unasikia chuma kimetulia. Bolti ni taiti kweli, ila kile ilichotakiwa kukizuia imekipita kwa juu.

Na gari itatembea. Hapo ndipo watu wanapodanganyika, wanasema "nimeendesha miezi 2 haina shida". Ile sentimita moja ya meno inatosha kuzungusha raki kwenye barabara nzuri. Lakini hiyo shafti ya katikati imetengenezwa iweze kurefuka na kufupika, kipande kimoja kinateleza ndani ya kingine, kwa hivyo kila bampa na kila shimo linausukuma mdomo juu nywele moja, na siku ikifika inachomoka.

Niliiona kwa macho yangu. Probox, ya kubeba mikate, mwenyewe mtu wa Likoni. Ilikuwa imetolewa injini kwenye gereji nyingine, ikarudishwa, ikatembea wiki kadhaa. Asubuhi moja anatoka feri upande wa mjini, anapanda ile ramp, tairi za mbele zikaruka ule mdomo wa chuma, akakata usukani kulia ukazunguka mtupu mkononi kama wa gari ya watoto. Alhamdulillahi alikuwa mwendo wa kutembea, akakanyaga breki, watu wakaisukuma pembeni. Walipoileta kwangu niliinama na tochi, nikakuta bolti iko pale pale, taiti, sikuweza kuilegeza kwa vidole. Nikaangalia kichwa cha pinioni. Sentimita moja ya juu meno yalikuwa yanang'aa kama sarafu mpya, ncha zake zimeliwa mviringo. Chini ya hapo, grisi ya zamani ya kiwandani bado imekaa na vumbi lake jeusi, haijaguswa, na ule mfuo umejaa mchanga. Yaani tangu siku waliporudisha injini mfuo haukuwahi kuona bolti. Nikamuita mwenyewe aje aangalie, akaangalia, akakaa chini kwenye tairi hakusema kitu kwa muda mrefu. Siku ile kabla ya kufika feri alikuwa ameshapita na watoto wa dadake kuwapeleka shule.

Ndio maana nikisikia "giaboksi ilishushwa" masikio yanasimama. Gari nyingi ndogo, kushusha injini au giaboksi kwa chini lazima subfremu, yaani ile fremu ndogo iliyo chini ya injini, ishuke, na raki imefungwa juu ya subfremu, kwa hivyo shafti ya steringi lazima iachanishwe. Ikirudi, mtu mmoja anainua subfremu kwa jeki na mwingine yuko ndani anaelekeza mdomo uangukie kwenye pinioni bila kuona vizuri. Hapo kuna makosa mawili. La kwanza ni hilo nimekueleza. La pili ni kuingiza jino moja pembeni, na jino moja tu linatosha kuukalisha usukani upande, kama huo wako ulivyokaa kushoto. Usukani kukaa pembeni unaweza pia kuletwa na alainimenti tu, yaani tairi hazijapangwa sawa, siwezi kukudanganya, ila kama ulikuwa umekaa sawa kabla ya giaboksi na baada ya giaboksi ukakaa pembeni, mimi naanzia kwenye shafti. Muulize muuzaji hilo hilo tu: usukani ulianza lini kukaa hivyo? Na usikubali mtu akuambie "tutauvua usukani tuurudishe katikati", hiyo ni kuficha alama, sio kutengeneza.

Haya, tuingie kwenye kuangalia. Mengine utafanya mwenyewe bila spana, mengine lazima fundi awepo, ila uwe umesimama hapo hapo.

Gari iwe imesimama mahali tambarare, tairi chini, breki ya mkono juu. Injini imezimwa lakini washa swichi hatua ya kwanza usukani usijifunge, kama ni ya kubonyeza basi bonyeza mara moja bila kukanyaga breki. Sasa shika usukani juu kwa vidole viwili na uusukume kushoto kulia kidogo kidogo sana, usizungushe, unatafuta tu ule ulegevu kabla tairi haijaanza kugoma. Vitabu vya Toyota nyingi vinaweka mwisho milimita 30 ukipima kwenye ukingo wa usukani, upana wa vidole viwili hivi, na hapo ni mwisho kabisa, gari nzima inakuwa chini sana ya hapo. Lakini zaidi ya kupima, sikiliza na uhisi. Plei, yaani huo ulegevu, ya shafti ni kavu, ni chuma kwa chuma, unaisikia kwenye mikono na miguuni mara moja unapobadilisha upande. Bushi ya raki iliyokufa ina kishindo kizito zaidi na mara nyingi ukiangalia chini unaona raki yenyewe inasogea. Tairodi endi, ile jointi inayounganisha raki na tairi, utaisikia kule kwenye tairi. Maunti ya shoka, pale shokabzoba inaposhikiliwa juu, nayo inapiga kelele juu karibu na boneti, mara nyingine unasikia springi inaruka. Tafadhali fanya hili tairi zikiwa chini, manake gari ikiwa juu ya jeki tairi zinafuata tu usukani, plei haionekani.

Halafu mpe mwenzako usukani aendelee kuusukuma hivyo hivyo, wewe piga magoti mlangoni, tochi mkononi. Kwenye Toyota nyingi ndogo jointi ya chini unaifikia kwa ndani, karibu na pedali ya breki, chini ya kapeti na kifuniko cha plastiki au raba. Gari nyingine iko upande wa injini, inabidi uangalie kutoka chini. Weka kidole cha shahada nusu kwenye mdomo wa jointi nusu kwenye pinioni, pale zinapokutana. Kama kuna mchezo, kidole kitauona kabla ya jicho, utahisi upande mmoja unatangulia na mwingine unafuata. Fanya vivyo hivyo kwenye msalaba wa kila jointi. Zile waya za njano utakazoziona hapo juu usizivute wala kuzigusa, hizo ni za eabegi, ule mfuko wa hewa unaofunguka gari ikigongwa.

Ukiwa hapo chini angalia yafuatayo kwa macho. Meno ya pinioni yanaonekana mangapi chini ya mdomo? Mdomo ukiwa umeteremka mpaka mwisho, meno yanayobaki nje ni machache au hakuna. Ukiona meno marefu yamebaki wazi, simama hapo hapo, gari haitembei. Kama huna uhakika tafuta Fielder nyingine ya mwaka huo huo, Mombasa zimejaa, piga picha zote mbili ulinganishe. Angalia bolti yenyewe: bolti za kiwandani kwenye gari moja zinafanana rangi na kichwa, ukikuta moja imekuwa ya dhahabu na wenzake ni nyeusi, au kichwa kimechunika pembe, ujue mkono umepita. Unga mwekundu kama pilipili ya kusaga kuzunguka meno, huo ni chuma kinajisaga, kuna kitu kinacheza. Na kitu cha kuchomelea nakuomba dada, ukiona doti ya weldi popote kwenye shafti ya steringi, ondoka. Nimeona mtu kachomelea mdomo kwenye pinioni ati isitoke tena. Moto wa weldi unaharibu ugumu wa chuma, na siku raki ikifa huwezi kuitoa.

Sasa jaribio lenyewe, na hili ndilo jibu la swali lako. Bolti ifunguliwe. Fundi afunge kwanza usukani usizunguke, kwa kamba ya mkanda wa kiti au avute ufunguo ujifunge, tairi zikiwa zimenyooka, manake nyuma ya usukani kuna waya wa mkunjo, mafundi wanauita spairo kebo, usukani ukizunguka mtupu huo waya unakatika na eabegi na honi zinakufa. (Kwa hivyo hata kabla ya hapo jaribu honi, na uwashe swichi uangalie taa ya eabegi iwake halafu izime. Ikiwaka na kubaki, huenda usukani ulishazungushwa mtupu siku ya giaboksi. Na ikiwa haiwaki kabisa, huenda mtu ameiziba.) Kama fundi anataka kugusa chochote upande wa juu kwenye kolamu, atoe waya wa betri kwanza, asubiri sekunde 90 au zaidi.

Bolti ikitoka, itazame mkononi. Nyuzi zake ziwe nzima, isiwe imevutika shingo. Tia tochi kwenye tundu la bolti: kwa ndani utaona ule mviringo wa mfuo umekaa sawa na tundu, kama mwezi mchanga. Ukiona meno yaliyonyooka badala ya mfuo, au unaona tundu la upande wa pili wazi kabisa bila chuma katikati, mdomo haukushuka. Sasa bolti irudishwe kwa vidole, bila spana, iingie yote mpaka mwisho kwa vidole tu. Ikihitaji nyundo, haikai mahali pake. Ikishaingia na kabla haijakazwa hata kidogo, fundi ashike jointi aivute juu kwa nguvu. Ikisogea kidogo ikagonga bolti ikakataa, komeo linafanya kazi. Ikichomoka na bolti ikiwa ndani, basi dadangu umeshajua hiyo miezi yote gari ilikuwa inatembea kwa rehema ya Mungu.

Jaribio hili halichukui hata robo saa. Fundi wako kushika bolti ikiwa imekazwa hakuona lolote kati ya hayo, sio kwamba ni mtu mbaya, ila alipima kitu kisichokuwa na jibu.

Kurudisha, bolti mpya ni bora, ni bei ya chai na mahamri ukilinganisha na inachobeba. Wachukue ile ile ya gari, saizi na urefu wake na uzi wake, sio ya kuokota kwenye kopo la gereji, bolti laini inaweza kukazika leo ikavutika kesho. Itiwe loktaiti kidogo, ile gundi ya kushika nyuzi za bolti, kama kitabu kinaruhusu, na ikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Toyota kadhaa ndogo zinataka 35 Nm hapo, lakini wathibitishe kwa kitabu cha modeli yako. Kukaza kwa hisia ya mkono, mmoja anaweka nusu na mwingine anapitiliza mpaka uzi unavutika. Wakimaliza piga alama ya rangi kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye mdomo wa jointi, mstari mmoja, ili baada ya mwezi ukiinama na tochi uone kama umekatika.

Baada ya hapo gari inyanyuliwe tairi za mbele, iwekwe kwenye stendi, jeki peke yake haitoshi mtu kuingia chini, na uzungushe usukani kutoka mwisho mpaka mwisho polepole. Unatafuta kukwama. Yunivasal iliyoingia kutu haichezi, inafanya kinyume, inakaza, na alama yake ni usukani kuwa mzito halafu mwepesi, mzito halafu mwepesi, mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Barabarani utaijua kwa sababu ukimaliza kona usukani haurudi wenyewe vizuri. Sisi huku pwani tuna upepo wa chumvi, na gari nyingine zimetoka sehemu za theluji huko Japani ambako barabara zinamwagiwa chumvi msimu wa baridi, kwa hivyo jointi iliyo upande wa injini yenye raba iliyopasuka inakufa haraka. Usikubali kupuliziwa mafuta tu ati imepona, kesho kutwa inarudi. Shafti inabadilishwa nzima.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui, pawa steringi. Kwenye gari za zamani za pawa ya mafuta, msaada unaingia kule kule kwenye raki, shafti inabeba nguvu ya mikono yako tu. Fielder yako ni pawa ya umeme na mota imekaa juu kwenye kolamu, kwa hivyo nguvu yote, yako na ya mota, inapita kwenye ile shafti nyembamba na zile jointi mbili. Ndio maana kukata usukani mpaka mwisho gari ikiwa imesimama, kama tunavyofanya sote tukijipanga foleni ya feri au kupaki Marikiti, kunaichosha sana. Sio hadithi ya gereji hii. Novemba 2012 Toyota wenyewe waliita gari karibu milioni 2.77 duniani, zikiwemo Prius, kwa sababu shafti ya steringi ilitoka kiwandani na ugumu usiotosha na meno yake yangeweza kuharibika kwa kukatwa usukani mpaka mwisho kwa nguvu mara kwa mara kwenye mwendo mdogo. Yako ya 2013 sio ya kundi hilo, lakini kama kuna anayesoma hapa na anatumia Prius ya miaka ya 2004 mpaka 2009, chukua chesisi namba yako uulize kwa Toyota kama ilifanyiwa, manake gari iliyohama nchi inaweza kuwa haikuwahi kurudi kufanyiwa kazi hiyo.

Na usitulie kwa sababu muuzaji anakuambia gari ilikaguliwa Japani kabla ya kupakiwa melini. Kweli KEBS, shirika la viwango la Kenya, wanataka ukaguzi huo, na ni mzuri, ila ulifanywa kabla giaboksi haijashushwa hapa Mombasa. Cheti hakijui kilichofanyika mwaka jana.

Ajali nayo usiisahau. Ile shafti imetengenezwa ijikunje gari ikigongwa mbele isije ikamchoma dereva kifuani. Gari iliyogongwa ikanyooshwa, shafti iliyojikunja huwa inavutwa ikarudishwa kwa nyundo na kuonekana nzima. Tafuta alama za nyundo, mikwaruzo mipya pale kipande kimoja kinapoingia kwenye kingine, na juu kwenye kolamu angalia kama bolti za kuishika zimekaa katikati ya nafasi zake au kolamu imesogea mbele. Ukikuta hivyo, na shafti na kolamu vyote vibadilishwe, wala usijadiliane.

Kwa usalama tu nikuambie, na kwa yeyote anayesoma huku gari yake inapiga "tok" leo. Ikitokea uko barabarani usukani ukawa mwepesi ghafla, umezunguka na gari haifuati, usipoteze hata sekunde kuuzungusha zaidi. Ondoa mguu kwenye mafuta, kanyaga breki kwa uthabiti, honi na hazadi. Breki hazihusiani na shafti ya steringi, zitashika. Gari itaendelea kule tairi zinakoelekea, kwa hivyo kinachokuokoa ni kupunguza mwendo mapema, na ndio maana nimekukataza kuiendesha, sembuse kuipitisha daraja la Nyali na ile foleni ya malori na matatu.

Kuhusu bei. Kama jaribio la kuvuta limepita na meno ni mazima, na usukani ni jino moja tu au alainimenti, gari hiyo haina neno, muuzaji alipie kurekebisha na wewe ununue kwa moyo mweupe. Kama mdomo haukuwa umeshuka, meno ya shafti na ya pinioni yote yaangaliwe, yakiwa yamelika ncha inatakiwa shafti na pengine raki pia, na hizo pesa zitoke kwenye bei kabla ya logbuku, hati ya umiliki wa gari, kuhamishwa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, sio baada. Raki ya mtumba nayo ifanyiwe ukaguzi huo huo wa meno, usiletewe iliyotolewa kwenye gari iliyogongwa.

Mwambie muuzaji leo kwamba unataka bolti ya chini ya shafti ifunguliwe mbele yako, kwenye gereji utakayochagua wewe, na gari ifike hapo kwa bridauni, yaani ibebwe na gari la kuvuta, gharama mnaweza kugawana. Mtu mkweli atakubali, kazi yenyewe ni ya dakika chache. Akianza kusema utaharibu gari yake kwa kufungua bolti moja, mrudishie funguo. Ukifika gereji piga picha mbili, moja ya meno ya pinioni mdomo ukiwa umeinuliwa, na moja ya bolti ikiwa kwenye kiganja chako, unitumie zote mbili kabla hawajafunga. Nitazitazama na nitakujibu siku hiyo hiyo inshallah.